Salamu za Kireno za kila siku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayeanza Kireno na anataka kusalimiana na rika lake, majirani, wafanyakazi wenzake au muuza duka. Msomaji wa Kiswahili anakuja na mtaji wake: amelelewa kujua kwamba huanzi na shida yako kabla hujamjulia mtu hali. Kwa Wareno, Wabrazili, Wamsumbiji na Waangola ni vivyo hivyo. Kinachobaki ni maneno, matamshi, na kujua unaongea na nani na ametoka nchi gani.

Nikitaka kuanza na salamu moja tu, iwe ipi?

Anza na *Olá, tudo bem?* Inaeleweka Lisbon, Maputo, Luanda, Rio de Janeiro na hata Dili, kule Timor ya Mashariki. *Olá* ni ya kumfungulia mtu mazungumzo, na *tudo bem?* ndiyo ya kumjulia hali: yote salama? Ukishaizoea, acha *olá* useme *tudo bem?* peke yake, sauti ikipanda mwishoni. Sauti isipopanda, maneno hayo hayo ni jibu. Mmoja anauliza *Tudo bem?* na mwenzake anaitikia *Tudo bem*, kama sisi tunavyosema "Mzima?" "Mzima."

Ninaipendekeza kwa sababu nyingine pia. Haina "wewe" ndani yake, kwa hiyo haikulazimishi kuchagua kati ya *tu* na *você*, jambo linalowasumbua sana wanaoanza. Nitalieleza hapo chini.

Zinatamkwaje?

Kwanza angalia mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno mengi ya Kireno yako hivyo hivyo: be-LE-za, o-bri-GA-do. Lakini ukiona alama juu ya irabu, mkazo unahamia hapo. *Olá* ni o-LA, *até* ni a-TE, *você* ni vo-SE, *alô* ni a-LO. Mswahili akisema O-la kwa mazoea yake, msikilizaji hupata tabu kidogo, na neno lenyewe ni fupi mno kuweza kubahatisha.

Pili, herufi *o* ikiwa mwisho wa neno bila mkazo husikika kama *u*: *tudo* ni "tudu", *obrigado* ni "obrigadu". Tatu, *m* ya mwisho katika *bem* na *bom* haifungi midomo. Irabu inapitia puani, na midomo inabaki wazi. Jaribu kusema "bo" huku sauti ikitokea puani, utakuwa umekaribia sana. Nne, *nh* ni *ny* yetu kabisa: *senhor* ni "senyor".

Halafu kuna jambo la Wabrazili. Katika sehemu kubwa ya Brazili, *di* husikika kama "ji" na *te* ya mwisho husikika kama "chi". *Bom dia* inakuwa "bo jia", *boa noite* inakuwa "boa noichi". Ukifika Recife, kaskazini-mashariki, utasikia wengi wakiacha *d* na *t* zilivyo. Ureno hawana "ji" hiyo, na irabu ya mwisho ya *noite* wanaimeza hata husikii zaidi ya "boa noit". Kireno cha Msumbiji kinafuata zaidi njia ya Ureno, ila irabu hutamkwa wazi zaidi, na masikio ya Mswahili hukipokea kwa urahisi.

*Oi* na *olá* zina tofauti gani?

*Oi* ni ya Brazili, na ndiyo salamu nyepesi kuliko zote huko. Mtoto anamwambia mama yake *oi*, karani anamwambia mteja *oi*, marafiki wanaambiana *oi* siku nzima. *Olá* kwa Mbrazili ina urasmi kidogo, ila haikosei. Kwa Mreno ni kinyume: *olá* ndiyo ya kila siku, na *oi* inasikika kama ya Kibrazili, ingawa kila mtu anaielewa.

Brazili *oi* ina kazi nyingine mbili. Mtu akikuita jina, unaitika *Oi!*, pale ambapo sisi tungesema naam au abee. Na usipomsikia mtu alichosema, unauliza *Oi?*, yaani "umesemaje?" Kwa hiyo ukimsalimia mtu kwa sauti ya chini naye akakuambia *Oi?* huku amekunja uso, hajakusalimia. Hakukusikia. Rudia.

Nikiulizwa *tudo bem?*, nijibu nini?

*Tudo bem* au *tudo bom*, zote mbili ni sawa. Wabrazili wengi hupenda kubadilisha: ukiulizwa kwa moja, unajibu kwa nyingine. Halafu mrudishie: *E você?* kwa Mbrazili, *E tu?* kwa rafiki wa Ureno, Angola au Msumbiji. Usimwache mwenzako bila kumuuliza. Hilo hakuna haja ya kumfundisha Mswahili.

Kama mambo si mazuri, *mais ou menos* inatosha, yaani hivyo hivyo. Ureno utasikia sana *vai-se andando*, kile tunachosema sisi "tunasogea sogea". Mbrazili aliyebanwa na kazi atasema *na correria*, mbio mbio, au *na luta*, tunapambana. Na kote utasikia *tudo bem, graças a Deus*, kama tunavyosema tunamshukuru Mungu. Ukiwa na shida nzito, usiimwage ndani ya salamu. Itikia kwanza, kisha mambo mengine yafuate, kama ilivyo kwetu mtu kujibu "nzuri" kabla hajasema mtoto anaumwa.

*Bom dia* si salamu rasmi?

Hapana. Ni ya wote. Dereva wa basi, mwalimu, jirani, kijana uliyepishana naye ngazini, wote unaweza kuwaambia *bom dia* bila kuonekana umejikakamua. *Bom dia* ni ya asubuhi, *boa tarde* ni ya mchana hadi giza linapoingia, na *boa noite* ni ya usiku. Mpaka wa asubuhi na mchana ni saa sita kwa saa zetu, lakini wapo wanaoshikilia *bom dia* mpaka wamekula chakula cha mchana. Mtu akikurekebisha kwa sababu ya dakika kumi, anakutania.

*Boa noite* inasemwa unapofika na pia unapoondoka au kwenda kulala. Usiogope kumsalimia mtu kwa *boa noite* ukiingia mgahawani saa mbili usiku. Hatadhani unamuaga.

Ureno kuna kifupi chake, *Boas!*, wanachokitumia hasa wanaume wakati wowote wa siku. Ni salamu ya kupita tu, ya mtu anayeingia kazini au mgahawani.

Nitumie *tu* au *você*?

Hapa ndipo pa kuwa mwangalifu, kwa sababu jibu linabadilika ukivuka bahari.

Ureno, *tu* ni ya rafiki, ndugu, rika na watoto. Unamuuliza *Como estás?*, u hali gani? Mtu usiyemzoea au aliyekuzidi umri unamuuliza *Como está?*, bila *s* ya mwisho. Hiyo *s* moja ndiyo inayobeba heshima yote. Na Wareno, badala ya kusema *você*, mara nyingi huliacha neno lenyewe, au hutumia *o senhor* (bwana) na *a senhora* (bibi), au hata jina la mtu: *A Maria está boa?* akimuuliza Maria mwenyewe uso kwa uso. Neno *você* likielekezwa moja kwa moja kwa mtu mzima linaweza kumkwaza, hasa likitoka kwa kijana.

Brazili, *você* ndiyo ya karibu wote: rafiki, muuza duka, mfanyakazi mwenzako. Wazee ndio wanaoitwa *o senhor* na *a senhora*, na familia nyingi huwaita hivyo hata wazazi. *Tu* ipo Rio Grande do Sul kule kusini, ipo pia Maranhão na Pará, na mtaani mara nyingi kitenzi chake hakifuati kitabu: *tu vai* badala ya *tu vais*. Usijisumbue nayo mwanzoni.

Msumbiji na Angola hufuata Ureno katika *tu* ya marafiki, lakini heshima yao ina njia nyingine tunayoijua vizuri, nayo ni majina ya undugu.

Naenda Msumbiji. Niseme nini?

Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975 ilibaki na Kireno kama lugha ya serikali na shule, juu ya lugha nyingi za wenyeji. Watu wakakiingizia adabu ya nyumbani kwao. Mwanamke mtu mzima anayeuza nyanya sokoni unamwambia *Bom dia, mamã*. Mwanamume wa umri wa baba yako ni *papá*. Kijana mwenzako ni *mano* akiwa wa kiume na *mana* akiwa wa kike, yaani kaka na dada. Anayemkaribia mjomba au shangazi yako kwa umri ni *tio* au *tia*. Haya si ya undugu wa damu, ni ya heshima ya mtaani, na mtu akiyakosa katika salamu anaonekana mkavu. Ukiwa umekulia Tanga au Mombasa, fanya kama ulivyolelewa, badilisha maneno tu.

Vijana wa Maputo utawasikia wakisema *Mano, como é?* na jibu linakuja *Tudo fixe*. *Fixe* hutamkwa "fishi", na *i* ya mwisho hafifu, na maana yake ni poa. Wana pia *maningue nice*, poa sana. *Maningue* ni "sana" ya Wamsumbiji na hutaisikia Ureno. Wakiachana husema *Estamos juntos*, tuko pamoja. Inafanya kazi ya kuaga, ya kushukuru na ya kumtia mtu moyo, yote kwa mpigo. Angola wanaisema pia. Ijifunze mapema, utaitumia kila siku.

Kaskazini mambo ni tofauti. Cabo Delgado, ng'ambo ya Mto Ruvuma, kuna Wamakonde, Wamwani na wengine, na Palma na Mocímboa da Praia Kiswahili kinaeleweka na wengi. Pwani ya Nampula, kwa Wamakhuwa, utasikia *Salama* ikitangulia kabla ya Kireno chochote. Itikia kwa salamu hiyo kwanza. Tena FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na wapo wazee wa vita vya ukombozi waliokaa Tanzania miaka mingi. Ukimwambia mmoja wao shikamoo, usishangae akiitika marahaba.

Kireno kina shikamoo?

Salamu ya kila siku ya kumpa mkubwa wako yeyote unayekutana naye njiani, hapana. Mtoto wa Lisbon anamwambia bibi wa jirani *bom dia* ile ile anayomwambia mwenzake, na heshima inakaa kwenye *a senhora* na sauti.

Lakini Brazili kuna desturi ambayo Mswahili akiikuta anahisi yuko nyumbani. Katika familia nyingi, hasa kaskazini-mashariki na vijijini Minas Gerais, mtoto akiingia au kutoka nyumbani anasema *A bênção, mãe* au *Bênção, vô*, yaani naomba baraka, mama. Naomba baraka, babu. Mdomoni mwa watu inakuwa *bença*. Mkubwa anaitikia *Deus te abençoe*, Mungu akubariki. Wengine humnyooshea mkono mzee na kuubusu. Ina mpangilio ule ule wa shikamoo na marahaba: mdogo anaanza, mkubwa anaitikia, na jibu lina neno lake lisilobadilishwa. Mtu mzima mwenye watoto wake mwenyewe bado anamwomba mama yake baraka kwa simu kabla ya kukata.

Inaelekezwa kwa wazazi, mababu na mabibi, wajomba na mashangazi, na wazazi wa ubatizo, *padrinho* na *madrinha*. Haisemwi kwa mzee usiyemjua kwenye foleni ya benki. Mgeni halazimiki kuisema. Ila ukikaribishwa katika nyumba yenye desturi hii na ukaona vijana wote wanamwendea bibi, nawe ukamwambia *A bênção, vó*, nina hakika atafurahi.

Salamu za mtaani Brazili ni zipi?

*E aí?* ndiyo ya kwanza. Itamke "iai", kwa kuunganisha. Ni "vipi?" yetu, na haihitaji jibu refu: *E aí, beleza?*, yaani vipi, poa? Na mwenzako anajibu *Beleza*, poa. *Fala!* ni ya wanaume zaidi, mara nyingi na jina nyuma yake, *Fala, Marcos!* Neno lenyewe ni "sema!", na hapo matumizi yetu ya "sema, mzee!" yanafanana nayo mno. *Opa!* ni ya kukutana ghafla au kupita mlangoni. *Salve!* utaisikia kwa vijana wa São Paulo.

Kundi la watu unalisalimia mara moja: *Oi, gente!* au *Bom dia, pessoal!* Na mtu mliyepoteana muda mrefu unamwambia *Quanto tempo!*, siku nyingi, au *Sumiu, hein!*, umepotea! Naam, Wabrazili nao humlaumu mtu kwa kupotea, tena kwa furaha ile ile.

Na za vijana wa Ureno na Angola?

Ureno: *Então, tudo bem?*, *Tudo fixe?*, *Tás bom?* kwa mwanamume na *Tás boa?* kwa mwanamke. *Viva!* ni ya uchangamfu na hata watu wazima huitumia. *Tá-se bem* ni jibu la kijana asiye na wasiwasi.

Luanda rafiki anaitwa *kamba*, neno la Kikimbundu, na salamu ni *Como é, kamba?* Mkubwa wako ni *kota*. Tahadhari kidogo: Waangola wana neno *mambo* pia, na kwao ni kitu au jambo fulani, si salamu. Ukimwambia mtu "Mambo?" atasubiri umalizie sentensi.

Kuna kubusiana? Mimi sitaki.

Ureno, wanawake kwa wanawake, na wanaume kwa wanawake, husalimiana kwa mabusu mawili ya shavuni wakishajuana. São Paulo ni moja, Rio de Janeiro ni mawili. Wanaume hupeana mkono au hukumbatiana wakipigana mgongoni. Kama dini yako au malezi yako hayaruhusu, nyoosha mkono mapema, au weka mkono kifuani na tabasamu. Watu wataelewa, na hakuna anayepaswa kukulazimisha.

Kwenye simu na WhatsApp je?

Mbrazili akipokea simu husema *Alô?* Mreno husema *Estou?* au *Está?*, yaani "nipo" na "upo?" Usijibu kwamba nawe upo. Jitambulishe tu: *Olá, é a Asha*.

Kwenye ujumbe wa Brazili, *td bem* ni *tudo bem*, *blz* ni *beleza*, *vlw* ni *valeu* (asante ya kirafiki), *bjs* ni *beijos*, mabusu ya kuagia, na *abs* ni *abraços*, ambayo wanaume huandikiana. Mwanamke mfanyakazi mwenzako akimalizia na *bjs*, ni kwaheri ya kawaida tu. Tafadhali usiisome zaidi ya hapo.

Nitaagaje?

*Tchau*, itamkwe "chau", inatosha kote. *Até amanhã* ni tutaonana kesho, *até logo* ni tutaonana baadaye, *até já* ni narudi sasa hivi. Mbrazili ana pia *falou* na *valeu*. *Adeus* ndiyo ya kuangalia: Ureno ni kwaheri ya kawaida, lakini kwa Mbrazili ina uzito wa kuagana moja kwa moja, kama mtu anayehama nchi.

Naomba mazungumzo mazima niyafanyie mazoezi.

Haya ni ya marafiki wawili wa Brazili waliokutana barabarani:

— Oi, Ana! Tudo bem?
— Tudo bom! E você?
— Tudo ótimo. Quanto tempo!
— Pois é. Sumiu, hein?
— Correria. E a família?
— Todo mundo bem, graças a Deus.
— Então tá. Depois a gente se fala.
— Tá bom. Beijo!
— Beijo, tchau, tchau!

*Tudo ótimo* ni "nzuri sana", na *todo mundo bem* ni "wote wazima". *Pois é* ni "eh, ndiyo hivyo", ya kukubaliana. *Então tá* ndiyo dalili kwamba mazungumzo yanafungwa: "haya basi". *Depois a gente se fala* ni "tutaongea baadaye", na si miadi; usikae ukisubiri simu jioni ile. Tazama pia kwamba kuaga kumechukua mistari mitatu. Kukata ghafla baada ya *tchau* moja huonekana kama una hasira.

Yasome kwa sauti, ukicheza nafasi zote mbili, mpaka *tudo bom* itoke bila kufikiri.

Niseme *obrigado* au *obrigada*?

Inategemea wewe unayesema. Mwanamume ni *obrigado*, mwanamke ni *obrigada*, haidhuru unamshukuru nani.

Nijifunze za Brazili au za Ureno?

Chagua kwa kuangalia utakaowasalimia. Mwenye biashara ya Mtwara na Pemba ya Msumbiji, au anayekwenda kusoma Maputo, ashike *tu*, *fixe* na *estamos juntos*. Mwenye rafiki wa Salvador, au anayejifunza kwa tamthilia za Kibrazili, ashike *você*, *oi* na *beleza*. Ukichanganya utaeleweka. Utasikika kama mtu aliyejifunzia sehemu mbili, na hilo halimuudhi mtu.

Nimesalimia vizuri, sasa wanaongea haraka sielewi kitu!

Sema *Desculpa, mais devagar, por favor*: samahani, polepole kidogo tafadhali. Kwa mtu wa heshima sema *desculpe*. Ukitaka kumweleza kwamba unajifunza, mwambie *Estou a aprender português* ukiwa Ureno, Msumbiji au Angola, na *Estou aprendendo português* ukiwa Brazili.